Umeme Ukikatika Angani

Tuliopo hapa Kitendaguro husikia ndege ndogo kabla hatujaziona. Mngurumo huja kutoka upande wa ziwa, ukapanda, ukashuka, kisha kimya, na kila mtu akarejea kwenye migomba yake. Lakini tangu tarehe 6 Novemba, 2022, ukimya ule tunausikiliza kwa hofu. Asubuhi hiyo ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam, yenye watu 43, ilitumbukia ziwani ikiwa karibu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Waliookoka ni 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao.

Ajali ile hatuihusishi na umeme. Tunaitaja kwa kuwa tangu wakati huo ndugu zetu wa Bumbire, Goziba na Ikuza, na hata maofisa wanaosafiri kwa kazi za Serikali, wamekuwa na swali moja: umeme wa ndege ndogo ukizimika katikati ya ziwa, watu waliomo ndani wamekwisha? Jibu ni hapana. Yafaa jambo hili lielezwe waziwazi, maana hofu isiyo na elimu ndiyo inayozaa uvumi, na uvumi ndio unaomfanya mgonjwa wa kisiwani akatae kupanda ndege iliyokuja kumwokoa.

Injini ya ndege ndogo haiendeshwi na betri. Ile ya pistoni hupata cheche zake kwenye magneto, chombo kinachozungushwa na injini yenyewe bila kuiomba betri chochote. Ile ya turbini moto wake ukishawaka huendelea kuwaka maadamu mafuta na hewa vinafika. Mabawa nayo hayajui habari za umeme. Vipimo vya mwendo na vya kimo katika ndege za mtindo wa zamani hutumia mgandamizo wa hewa tu, na dira ni sumaku. Ndege mpya ambazo vipimo vyake vimehamia kwenye vioo vya umeme huwekewa akiba ya namna yake kwa ajili ya siku kama hiyo. Kwa hiyo ndege iliyokatikiwa umeme bado ni ndege nzima, isipokuwa imekuwa bubu na kiziwi, na usiku huwa kipofu pia.

Anachopoteza rubani ni redio, taa, chombo cha kujitambulisha kwa rada, na mara nyingi geji za mafuta. Katika aina nyingi za ndege hupoteza pia flapu zile zinazoteremshwa na mota ili kupunguza mwendo wakati wa kutua. Asipokuwa nazo atatua kwa mwendo mkubwa zaidi na atahitaji urefu zaidi wa njia. Hili wenye viwanja vifupi visiwani na walitie akilini.

Rubani aliyefundwa vizuri hana papara. Kwanza anaendelea kuirusha ndege yake, kwa sababu wako waliokufa wakiwa wameinamia swichi huku ndege ikishuka. Ndipo anapotazama saa ya umeme. Akiona kuwa alteneta imeacha kuchaji, hujaribu kuirudisha mara moja kama kitabu cha ndege kinavyomwelekeza. Ikikataa huiacha, kwani fyuzi inayoruka mara ya pili huenda inawazuilia moto. Kisha huzima kila kisichohitajika, akabakiza redio moja, akatoa taarifa mapema angali na sauti, na akaelekea kwenye kiwanja kilicho karibu chenye mwanga na anga safi. Hiki cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote, nacho hakitaki ufundi bali moyo wa kukubali kwamba safari imeharibika.

Tuchukue mfano wa mbali. Tarehe 11 Oktoba, 1983, usiku, ndege ya Air Illinois iliruka kutoka Springfield, nchini Marekani, kwenda Carbondale. Dakika chache tu baada ya kuruka jenereta moja iliharibika, na kwa makosa rubani msaidizi akaitenga ile nzima badala ya ile mbovu. Ile nzima haikukubali kurudi. Kiwanja walichotoka kilikuwa nyuma yao, karibu kabisa. Rubani mkuu aliamua kuendelea mbele kwa nguvu ya betri. Betri ikaisha kabla ya safari, na watu wote 10 wakafa. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa ule uamuzi wa kuendelea, wakaongeza kwamba kampuni haikuwa imewafunza vya kutosha hata wakajua betri yao ingeweza kudumu muda gani.

Sasa na tupige hesabu yetu wenyewe. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa njia ya anga ni kilomita 170 na zaidi kidogo, na ndege ndogo ya turbini huzimaliza kwa zaidi ya nusu saa. Betri nzuri iliyopunguziwa mzigo hutegemewa kwa takriban muda huo huo. Betri iliyochoka haina ahadi. Hitilafu ikitokea juu ya Bumbire, Bukoba ni karibu. Ikitokea mara tu baada ya kuruka, busara ni kurudi Mwanza, hata kama ndani ya ndege amekaa mtu mwenye kikao saa nne.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wakubwa. Mara ngapi abiria mwenye cheo amemwambia rubani kwamba lazima wafike kabla ya jua kuzama, au amenung'unika kwa sababu ndege imechelewa ikikaguliwa? Rubani ni kijana wa watu, ana ajira ya kulinda. Neno la mkubwa humwingia sikioni likakaa huko, na siku saa ya umeme inapoteremka ndilo linalomsukuma mbele. Cheo kinaishia mlangoni mwa ndege. Aliyekabidhiwa roho za watu ni rubani, na amana hiyo haigawanywi. Wala asije mtu akatuambia kwamba ametawakali. Kutawakali hakujawahi kuchaji betri.

Upande wa ardhini nao una deni. Ndege bubu ikifika juu ya kiwanja, mnara huzungumza nayo kwa taa ya ishara: kijani kisichopepesa ni ruhusa ya kutua, chekundu kisichopepesa ni amri ya kuendelea kuzunguka na kuwapisha wengine, chekundu kinachopepesa maana yake kiwanja si salama, usitue. Mchana rubani hujibu kwa kuyumbisha mabawa. Taa hiyo haina gharama ya kutisha, lakini taa iliyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa mtu aliye likizo, ni sawa na kutokuwepo. Na kwenye viwanja vya visiwani visivyo na mnara, ishara ni wananchi wenyewe. Ndege ikizunguka mara mbili chini chini bila kutua, wasikusanyike njiani kuishangaa. Waondoe ng'ombe, waondoe watoto, waache njia wazi kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

Lililobaki ni la ziwa. Mwaka 1996 tulizika watu wa MV Bukoba kwa mamia, mwaka 2018 tukazika wa MV Nyerere huko Ukara, na mwaka 2022 wavuvi walivuta ndege kwa kamba. Wavuvi hao wanayajua maji haya kuliko ofisa yeyote, na ni haki wahesabiwe kuwa sehemu ya uokoaji kabla ya maafa. Tunaomba uongozi wa Mkoa wa Kagera, pamoja na mamlaka za anga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, uwaite viongozi wa mialo ya Bukoba na Muleba kabla ya mvua za vuli, wafanye nao zoezi la siku moja ufukweni: boti zenye mafuta, mitungi ya wapiga mbizi iliyojazwa, kamba, maboya, na namba ya simu itakayopokelewa hata siku ya Jumapili. Ile ndege ya Novemba ilianguka Jumapili.