Kibali Hakifuti Ujira

Imani iliyoenea katika vijiji vya Bukoba na Muleba mkoani Kagera, na ambayo husikika hata kwa watu waliosoma, ni kwamba kibarua aliyevuka mpaka bila kibali hana haki ya kudai ujira, kwa kuwa kuwapo kwake nchini ni kosa na kosa halizai haki. Imani hii imevishwa joho la sheria, lakini ikichunguzwa hubainika kuwa ni kinga ya mwajiri asiyetaka kulipa.

Kibanja cha Mhaya, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, hakikustawi kwa rutuba ya asili tu, bali kimelishwa kwa vizazi vingi samadi pamoja na nyasi zinazokatwa kwenye rweya, ambayo ni mbuga ya wazi iliyo nje ya vibanja, kisha kubebwa na kutandazwa chini ya migomba. Tangu fedha za kahawa zilipoongezeka Buhaya wakati wa utawala wa Waingereza, sehemu ya kazi hiyo nzito imefanywa na watu waliotoka Rwanda na Burundi, wengine wakiwa njiani kwenda kutafuta kazi Buganda, na hadi leo wapo Warundi wanaopalilia, kuchuma na kuanika kahawa katika vijiji hivyo hivyo. Kibarua wa namna hii hula na kulala kwa tajiri wake, na pengine huahidiwa kulipwa kwa mkupuo kahawa ikishauzwa, kwa hiyo deni hukua mwezi baada ya mwezi hadi siku ya malipo, ambapo tajiri asiye mwaminifu hutambua kuwa taarifa moja kwa Uhamiaji inatosha kulifuta.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtambua mfanyakazi kwa mkataba wa ajira, wala haiulizi uraia wake, na amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023, iliyotaja shilingi 140,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini katika kilimo, haikuweka kiwango kingine kwa mgeni. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, ambayo ndiyo hutajwa zaidi na watetezi wa imani hii, inamfanya mwajiri anayemwajiri mgeni bila kibali kuwa mkosaji pia. Wakosaji basi ni wawili, lakini mmoja hufukuzwa mikono mitupu, na mwingine hubaki na shamba lililopaliliwa na kahawa iliyochumwa bure.

Ni kweli kwamba zipo hukumu nchini zilizokataa kutekeleza mkataba wa mgeni asiye na kibali, kwa hoja kwamba mkataba huo ni batili. Hata hivyo, ubatili wa mkataba si ruhusa ya kula jasho la mtu, kwani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyepata faida kutokana na mapatano yaliyobainika kuwa batili airejeshe au alipe fidia.

Wapo watakaouliza kwa nini kibarua huyo asitafute kibali. Sheria ya 2015 inataka kibali kitolewe pale ambapo mtaalamu wa kufaa hakupatikana nchini, na inamtaka mwajiri awasilishe mpango wa urithishaji, yaani utaratibu wa kumwachia Mtanzania ujuzi wa mgeni. Mwenye ekari mbili za migomba hawezi kutarajiwa aandike mpango wa kurithisha ujuzi wa kupalilia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo haimsaidii kibarua huyo, kwa sababu Tanzania ilifungua mlango kwa taaluma zilizoorodheshwa tu.

Kinachoshangaza ni kwamba wakulima wa Kagera wanaujua vizuri unyonge wa aina hii. Biashara ya butura, ambapo mkulima mwenye shida humuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, hulaaniwa na serikali na vyama vya ushirika kuwa ni unyonyaji, na kwa haki kabisa. Lakini mkulima yuleyule anayelalamikia butura anapomnyima Mrundi ujira wa msimu mzima, jambo hilo huitwa kulinda mipaka.

Hoja kwamba kumlipa mhamiaji kutawavuta wengine imegeuzwa kichwa chini, kwani kinachowavutia waajiri ni nguvukazi isiyolipwa, ambayo pia humkosesha kibarua mzawa nafasi ya kudai bei halali. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa maelfu ya watu Kagera, Geita na Kigoma, haikuondoa mahitaji ya vibarua vibanjani.

Uganda na Rwanda zimeridhia Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1990 wa Haki za Wafanyakazi Wahamiaji, unaosema kwamba dosari ya ukaazi haimwondolei mwajiri wajibu wake, lakini Tanzania haijauridhia. Hata kabla ya kuuridhia, hatua moja ingewezekana Bukoba kesho, nayo ni afisa kazi kusikiliza dai la ujira na kulikamilisha kabla mdai hajapelekwa mpakani Kabanga au Rusumo, kwa maana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha kutatua migogoro ya kazi, hupokea madai ya aina hii ndani ya siku 60, na aliyekwisha kuvushwa mpaka hana njia halali ya kurudi kuzitumia.