Guangzhou: Klabu iliyosafiria nyota ya tajiri mmoja

Mfanyabiashara yeyote wa Mombasa anayeagiza bidhaa China anaujua mji wa Guangzhou. Huko ndiko zinakotoka simu, vigae, taa na makochi yanayojaa madukani mwetu. Waislamu wanaujua kwa jambo jingine pia: msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi China, ambao simulizi za wenyeji zinaunasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas.

Lakini ni wachache huku kwetu waliozingatia kilichotokea mjini humo Januari 6, 2025. Siku hiyo Shirikisho la Soka la China lilitangaza klabu zilizopewa leseni ya msimu mpya, na Guangzhou FC haikuwamo. Klabu yenyewe ikatoa taarifa kwamba fedha ilizochangisha hazikutosha kulipa madeni ya miaka iliyopita. Bingwa mara 8 wa China na mara 2 wa Asia akafutika.

Naandika habari hii kwa sababu kila msimu nasikia wapenzi wa soka wa Pwani wakisema kwamba shida yetu ni moja tu, kukosa tajiri wa kutushika mkono. Guangzhou walimpata tajiri huyo. Tena walimpata tajiri ambaye sisi hatuwezi hata kumuota. Basi natutazame alivyowafikisha.

Klabu hii haikuanzishwa na tajiri. Timu ya mji wa Guangzhou iliundwa 1954, enzi ambazo soka la China liliendeshwa na serikali. Mwaka 1993 ikawa miongoni mwa timu za kwanza nchini humo kuingia soka la kulipwa, ikidhaminiwa na kampuni ya Apollo. Baada ya hapo ilipanda na kushuka, wadhamini wakabadilika, na jina likabadilika nao. Mapema 2010 ikateremshwa daraja baada ya kubainika kwamba mechi zilikuwa zikipangwa kwa rushwa. Ilikuwa klabu iliyochafuka, na bei yake ikawa ya chini.

Hapo ndipo alipoingia Hui Ka Yan, mwenye kampuni ya ujenzi wa nyumba ya Evergrande, aliyoianzisha mjini humo humo mwaka 1996. Machi 2010 aliinunua klabu kwa yuan milioni 100. Mwaka huo huo timu ikarudi ligi kuu. Mwaka uliofuata, 2011, ikachukua ubingwa, na tangu hapo ikautwaa mara 7 mfululizo hadi 2017, kisha mara ya 8 mwaka 2019.

Pesa zilimwagwa. Dario Conca wa Argentina alisajiliwa kutoka Brazil kwa mshahara ulioshangaza dunia. Mwaka 2012 akaletwa Marcello Lippi, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006. Baada yake wakaja Fabio Cannavaro na Luiz Felipe Scolari. Novemba 2013 Guangzhou ikatoka sare ya 1-1 na FC Seoul katika uwanja wa Tianhe, baada ya 2-2 kule Korea, na kwa mabao ya ugenini ikawa bingwa wa Asia. Mwaka 2015 ikarudia kwa kuifunga Al-Ahli ya Dubai 1-0, bao la Elkeson.

Wengine nao wakataka sehemu. Mwaka 2014 kampuni ya Alibaba ilinunua nusu ya klabu kwa yuan bilioni 1.2. Yaani kitu kilichonunuliwa kizima kwa milioni 100, miaka 4 baadaye nusu yake ikauzwa kwa mara 12 ya bei ile. Anayeziona hesabu kama hizi hudhani ameona biashara. Sivyo. Klabu ilikuwa ikipata hasara mwaka baada ya mwaka, na 2019 hasara hiyo ilikaribia yuan bilioni 2. Tiketi, jezi na haki za televisheni havikutosha kulipa mishahara. Pengo lilizibwa na kampuni ya nyumba.

Kwa nini mjenzi wa nyumba akubali hasara kama hiyo? Kwa sababu mpira haukuwa biashara yake. Mpira ulikuwa tangazo lake. Jina la Evergrande lilikuwa ndani ya jina la klabu, likatajwa kila wiki kwenye televisheni za China nzima. Tena ilikuwa njia ya kujipendekeza kwa wakubwa. Rais Xi Jinping ni mpenzi wa soka, na mwaka 2015 serikali yake ilitoa mpango mkubwa wa kuligeuza soka la nchi. Mwenye kuleta kombe la Asia mjini husikilizwa anapozungumzia viwanja vya kujenga.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha haya waziwazi. Katika fainali ya 2015 wachezaji walipaswa kuvaa jezi zenye jina la mdhamini wao, kampuni ya magari ya Dongfeng Nissan. Walitoka uwanjani na jina la bima ya Evergrande kifuani. Mdhamini alikwenda mahakamani na akaamriwa kulipwa fidia. Mwenye klabu alikuwa tayari kuvunja mkataba ilimradi jina lake lionekane usiku ule.

Sasa tuitazame kampuni yenyewe. Evergrande iliuza nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mnunuzi analipa leo, fedha zake zinatumika kununua ardhi nyingine na kumalizia nyumba za wengine, na juu yake inakopwa mikopo ya benki. Mwaka 2017 Hui alitajwa kuwa tajiri nambari moja wa China. Lakini utajiri ule ulikuwa umekaa juu ya deni. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na deni, na mwenye kutafakari hatashangaa kwa nini.

Agosti 2020 serikali ya China iliweka mipaka mikali ya mikopo kwa wajenzi wa nyumba. Mfereji ukafungwa. Kufikia Desemba 2021 Evergrande ilikuwa imeshindwa kulipa, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300. Septemba 2023 Hui akazuiliwa. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru kampuni ifilisiwe, na Agosti 2025 hisa zake zikaondolewa katika soko la hisa la huko.

Klabu ilishuka pamoja na mwenyewe. Aprili 2020 walikuwa wameanza kujenga uwanja wenye umbo la ua la yungiyungi, wa watu 100,000, kwa yuan bilioni 12. Ujenzi ukasimama, na nguzo zilizokwisha kuinuliwa zikabomolewa. Nyota wakaondoka, makocha wakaondoka, wakabaki vijana. Mwaka 2022, kwa ukata na masharti ya korona, timu ya vijana ilipelekwa katika Ligi ya Mabingwa ya Asia. Ilifungwa mechi zote 6, mojawapo kwa mabao 8-0, bila kufunga bao hata moja. Mwisho wa msimu ule bingwa mara 8 akateremka daraja. Miaka miwili baadaye leseni ikakosekana.

Wala si Guangzhou peke yake. Jiangsu ilichukua ubingwa wa China mwaka 2020, na Februari 2021, miezi michache tu baadaye, ikasimamisha shughuli kwa sababu kampuni ya Suning iliyoimiliki ilichoka kulipa. Guangzhou City, jirani iliyomilikiwa na mjenzi mwingine wa nyumba, ilikufa 2023. Ukiona klabu tatu zimekufa kwa ugonjwa mmoja, usimlaumu mtu mmoja. Laumu namna zilivyojengwa.

Wahenga wetu wa baharini walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Guangzhou ilisafiria nyota ya Hui. Nyota ilipokuwa juu, chombo kilikwenda. Ilipozama, nahodha hakuwa na dira yake mwenyewe. Mashabiki waliojaza Tianhe kwa miaka 10 hawakuwa na hisa, kura wala kiti kwenye bodi. Mapenzi yalikuwa yao, lakini mali ilikuwa ya mtu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya. Leo mtoto wa Majengo ukimtajia Feisal atafikiri unazungumzia jirani yake. Bandari FC ndiyo bendera yetu sasa. Mwaka 2019 ilitwaa kombe la GOtv Shield na ikatuwakilisha Afrika. Ni klabu yenye nidhamu, inalipa wachezaji wake, na KPA inastahili shukrani kwa hilo. Lakini swali lazima liulizwe, na afadhali tuliulize sisi tunaoipenda.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kukodisha sehemu za bandari za Mombasa na Lamu kwa wawekezaji binafsi, na mjadala huo bado haujazikwa. Siku mwekezaji akichukua gati, je, atachukua na mishahara ya wachezaji? Siku meneja mpya akiamua kwamba kazi ya bandari ni kupakua makontena na wala si kucheza mpira, nani atamzuia? Mimi na wewe tunaoshangilia Mbaraki hatuna karatasi yoyote inayotupa sauti.

Kuna watakaosema Gor Mahia na AFC Leopards ni mali ya jamii na bado zinalia njaa. Ni kweli. Mwaka 2019 mdhamini wao alipojitoa, ziliyumba vibaya sana. Lakini tazama: ziliyumba, hazikufa. Leopards ni ya 1964, Gor ni ya 1968, na wadhamini wamekuja na kuondoka wangapi? Klabu yenye watu hukosa mshahara ikabaki na jina. Klabu ya mtu mmoja ikikosa mshahara hukosa kila kitu.

Sisemi tumfukuze mfadhili. Maskini hachagui, na timu nyingi za mitaani hapa Pwani zinahitaji hata mpira na viatu. Nasema tukubali fedha kwa masharti. Kwanza, klabu isajiliwe kwa jina la wanachama wenye kadi, hata kama kadi ni shilingi 100 kwa mwezi, na mfadhili awe mdhamini badala ya kuwa mwenyewe. Pili, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka ili tujue ni kiasi gani kinatoka mfuko mmoja. Tatu, jina la klabu liwe la mahali, lisiwe la kampuni wala la mwanasiasa, maana huyo wa pili akishindwa uchaguzi hubeba hata jezi.

Mjini Guangzhou kwenyewe, mpira haukufa. Klabu nyingine, Guangdong GZ-Power, ilianzishwa 2023 na ikaanza msimu wa 2025 katika daraja la pili. Wapenzi wa soka wa mji ule wana mahali pa kwenda jioni ya mechi. Lakini makombe mawili ya Asia ni ya klabu ambayo haipo tena, na watoto wao watasimuliwa habari zake kama tunavyosimuliwa sisi za Feisal.

Wanachama wa klabu za Pwani wanaokutana msimu huu kuchagua viongozi wana nafasi ya kuuliza swali moja kabla ya kupiga kura: mfadhili akiondoka kesho, tutabaki na nini? Kiongozi asiye na jibu la swali hilo asipewe klabu.