Nyundo siyo pula

Leo tuache kidogo mbolea na viwavijeshi, tuongee vyuma. Kiangazi hiki pampu, pawatila na pikapu za kubebea mazao zinafunguliwa sana nyumbani, na cha kwanza kushikwa ni nyundo. Mimi tabia hiyo naipinga.

Chukua beringi. Ikigoma kutoka kwenye shafti, wengi wanaweka tindo kwenye ringi ya nje na kugonga. Sasa nguvu yote inapita kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake. Kwa macho beringi ni nzima. Ukiirudisha, inaanza kulia, inapata joto, mwisho inaharibu na shafti. Pula yenye miguu 2 au 3 inashika ringi ya ndani, skrubu ya katikati inasukuma shafti, na beringi inatoka taratibu bila kuumia.

Nati ni hivyo hivyo. Spana malaya ina taya moja inayotembea, kwa hiyo inaachia kidogo na kula kona za nati. Soketi ya pembe 6, saizi kamili, inabana pande zote. Plagi nayo ina spana yake ndefu. Ukiibana kwa upande, ile sehemu nyeupe ya kigae inapasuka. Na jeki peke yake siyo ya kukulaza chini ya gari. Weka stendi, maana jeki ikiteleza, kifua hakina spea.

Utasema: "Bwana shamba, pula ni ghali, na fundi wetu anagonga miaka yote." Sawa, anagonga. Lakini shafti mpya ananunua nani? Si wewe? Na pampu ikilala wiki nzima nyanya zikiwa kwenye maua, maua yanapukutika, na hayo hayauzwi dukani.

Sisemi kila mtu anunue. Pula unaweza kuihitaji mara moja tu kwa msimu. Kikundi kinachonunua mbegu pamoja kinashindwaje kununua pula 1, seti 1 ya soketi na stendi 2? Daftari liandikwe: nani kachukua, lini anarudisha. Na kama zana haipo, kazi isubiri. Kusubiri siku 2 ni nafuu kuliko kugonga dakika 5.

Kikao kijacho, wekeni ajenda hiyo mapema, kabla pampu haijagoma.