Ng'ombe wa kisasa, chakula cha mbuzi

Leo mada ni ile ile ya kafeteria: waifai. Ila leo sitaki kulalamika tu, nataka kubishana na hoja moja inayonikera. Eti waifai inakufa jioni kwa sababu wanafunzi tunapakua muvi, kwa hiyo dawa ni chuo kinunue intaneti kubwa zaidi. Mimi nasema hapana! Vile vifaa vina njaa ya umeme.

Twende taratibu. Vile visahani vyeupe vya darini, aksesi pointi, havichomekwi ukutani. Vinapata intaneti na umeme kwenye waya mmoja wa netiweki, kutoka kwenye swichi iliyofungiwa kabatini. Mfumo huo unaitwa PoE. Kiwango cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa wati 15.4 kwenye swichi, na kifaa kinahesabiwa kupata 12.95 baada ya kinachopotea njiani. Mwaka 2009 kikaja 802.3at: wati 30, kifaa kinapata 25.5. Mwaka 2018 kikaja 802.3bt, hadi wati 90 kwenye swichi.

Sasa chuoni kwetu wameleta visahani vipya, lebo inasema 802.3at. Swichi je? Ile ile ya zamani, af! Hapa Moshono mama yeyote mwenye zizi nyuma ya nyumba atakucheka: umenunua ng'ombe wa maziwa wa kisasa, unampa chakula cha mbuzi, halafu unalaumu watoto kwamba wanakunywa maziwa sana.

Kisahani kikikosa wati hakifi moja kwa moja. Vingi vinazima baadhi ya antena au kupunguza nguvu ya mawimbi. Vingine vikizidiwa vinajizima na kujiwasha. Taa inawaka, kwa hiyo ofisini wanasema kizima. Hapo hata ulete intaneti ya nchi nzima, ni tenki kubwa kwenye koki iliyoziba.

Na msikimbilie swichi yoyote dukani, pigeni hesabu. Swichi ya matundu 24 yenye jumla ya wati 370 za PoE inalisha matundu yote kwa wati 15.4. Kwa wati 30 ni matundu 12 tu. Waya nao uwe wa shaba tupu, usizidi mita 100. Zile za bei chee, aluminiamu iliyopakwa shaba, zinapoteza umeme mwingi zaidi njiani.

Nani anaumia? Siyo mwenye hela, yeye ana bando lake. Ni sisi tuliopanga Moshono, tunaobaki chuoni hadi usiku kwa sababu bando ni hela ya kula. Kazi inafungwa saa sita usiku, ukurasa unazunguka tu, mtu anakopa bando, kesho anakuja chuo kwa mguu. Sisi walimu watarajiwa tunajua: mtoto ambaye hajanywa uji usimwite mzito wa kuelewa, mpe uji kwanza.

Kwa hiyo viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kabla hamjaunga mkono hela ya intaneti mpya, ulizeni mambo matatu: kisahani kinataka wati ngapi, swichi inatoa ngapi kwa jumla, na waya ni wa nini. Wakishindwa kujibu, hela isitoke.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na wati.