Ndai ya Haibridi Kwa Matope ya Amalemba: Mshale wa Pawa Ukianguka, Usishtuke

Wasee wa Amalemba, hii story mnaijua. Mvua imenyesha usiku, unatoka lami kuingia murram, na ndai yako ya haibridi ya kuchaji inaanza vituko. Ukikanyaga, mshale wa pawa unaruka, halafu unaanguka karibu na sufuri. Gari haisongi. Jirani anasema betri imekufa, na fundi ashaanza kuhesabu doo zako.

Tulia kwanza. Tairi likizunguka bure kwa matope, kompyuta hukata nguvu ya mota. Ndio maana mshale unashuka. Ukizidi kukanyaga, unachimba shimo tu. Kanyaga polepole.

Noma zaidi ni mteremko. Ukitoa mguu, mshale huingia upande wa chaji: mota imegeuka jenereta na inashika magurudumu. Tairi likianza kuteleza, kompyuta huachilia huo mshiko, na unahisi ni kama breki zimepotea. Hazijapotea, breki za kawaida zipo. Lakini dere akipanik hapo, anaishia mtaroni.

Shida ni kwamba nyingi ya hizi gari zinatoka Japani na kitabu cha Kijapani, so hakuna anayekuambia. Outlander PHEV, kwa mfano, ina padi za kuchagua nguvu ya chaji, B0 hadi B5. Kwa utelezi, achana na B5 na upunguze mwendo mapema.

Na kabla ulipie betri, cheki tairi. Zikiwa kipara, hakuna kompyuta itakuokoa. Wewe yako uliicheki lini?