Mwanza kwa Baiskeli

Familia nyingi zikija Mwanza kwa harusi au kumtazama mgonjwa, huliona jiji kwenye dirisha la daladala tu. Sisi tunasema Mwanza huonwa vizuri kwa baiskeli, na tunasema hivyo tukiwa tumekwisha kupita miaka hamsini.

Jumamosi moja tulitoka wauguzi watatu, alfajiri kabla magari hayajawa mengi, mpaka soko la Mwaloni, Kirumba. Penye kilima tulishuka tukasukuma, wala si aibu. Mwenye shinikizo la damu apimwe kwanza, kisha aanze polepole. Nusu saa kwa siku, mara tano kwa juma, yatosha.

Mwaloni tulinunua dagaa. Kuna mama hununua soda na biskuti kwa mtoto aliyekonda, akawaacha dagaa eti ni chakula cha maskini. Mama huyo anajipunja. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo mtoto hupata vya kujenga mwili na vya kuimarisha meno na mifupa. Chagua waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala uvundo. Mtoto aliyetimiza miezi sita asagiwe unga wake utiwe katika uji.

Toka hapo tulirudi mjini, tukapandisha baiskeli kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Wako jamaa wasiokanyaga chombo tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996, na hatuwalaumu. MV Nyerere nayo ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Ukiona watu wamebanana, ngoja kinachofuata, hata kama umekwisha kukata tiketi.

Ng'ambo ya pili vijana walivua viatu wakaingia ziwani kuosha baiskeli. Tuliwakataza, wakacheka. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Wengi huja kwetu baada ya miaka, tumbo limejaa maji na ini limeharibika, ilhali vidonge vya prazikwanteli vingewaponya mapema. Anayeona damu kwenye choo, au aliyezoea kuingia ziwani, aje apimwe.

Baiskeli zetu tuliziosha nyumbani, kwa maji ya bomba.