Mwacheni Almeida Azike kwa Amani

Kwa kawaida hapa naandika kuhusu vitabu. Leo naandika kwa hasira, mtanisamehe.

Tulikuwa msibani Buswahili, kule Butiama. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu, na miongoni mwa waliokuja kumzika alikuwemo mzee mmoja kutoka Dar es Salaam waliyefundisha naye miaka mingi. Alikesha kwenye basi, akashuka akiwa amevimba miguu, akakaa chini ya turubai na sisi akanywa uji. Jina lake la mwisho ni Almeida. Ikapita nusu saa, kijana mmoja, mpwa wa marehemu, akamfuata na simu mkononi. "Shikamoo mzee. Nimegugo jina lako. Kumbe babu yako ndiye aliyechoma Mombasa!" Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshazoea. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akanyamaza.

Mimi sikucheka. Na nilipojaribu kumweleza kijana nikajibiwa, "Anko, mbona imeandikwa kabisa?"

Imeandikwa nini? Imeandikwa kwamba Francisco de Almeida aliondoka Lisbon mwezi Machi 1505 na kundi la merikebu, Julai akaiteka Kilwa, Agosti akaipora Mombasa na kuitia moto, kisha akaendelea hadi India kuwa mtawala wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko. Hilo ni kweli, wala sina nia ya kumtetea. Ila kutoka hapo mpaka kwa mzee mwenye miguu iliyovimba kuna bahari nzima, na simu imeiruka kwa mstari mmoja. Bora ingekaa kimya.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo pana utamu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Almeida linatokana na Kiarabu, al-maida, yaani meza. Msomaji Mwislamu amekwishatabasamu: ni neno lile lile la sura ya tano ya Kurani. Waarabu na Waberberi walivuka kuingia rasi ile mwaka 711, wakakaa karne nyingi, wakaacha majina kwenye vilima na mito. Mji wa Almeida, karibu na mpaka wa Hispania, umekaa juu ya uwanda ulio kama meza, na waliotoka huko wakaitwa kwa jina la mji wao. Sasa sisi tunaandika wapi? Mezani. Na "meza" tumeipata wapi? Kwa Wareno! Wao jina lao wamelichukua kwa Waarabu, sisi samani tumeichukua kwao. Mwenye damu safi hapo ni nani?

Na yule Francisco, kama mtu anapenda ishara, aliuawa Machi 1510 na Wakhoikhoi katika pwani ya Afrika Kusini, pamoja na wenzake zaidi ya hamsini, baada ya watu wake kwenda kuwapora. Alifia chini ya ule mlima wenye kilele bapa ambao Wareno walikuwa wameshaufananisha na meza. Bwana Meza akafia penye Meza. Hilo kwenye simu ya kijana halikuwemo.

Mwaka huo huo wa 1510 Wareno waliiteka Goa, na hapo ndipo habari ya mzee wetu inapoanzia. Watu wa Goa walikuwa na majina yao, na vijiji vyao, na miungu yao. Walipobatizwa walipewa majina ya ukoo ya padri au ya msimamizi wa ubatizo: de Souza, Fernandes, Pereira, Pinto, Almeida. Ndugu wa tumbo moja waliosimamiwa na watu wawili tofauti waliweza kutoka kanisani na koo mbili. Kule Brazil mtumwa alibatizwa, na mara nyingi jina la bwana wake likawa lake. Ndiyo maana majina haya yamejaa dunia nzima, Lisbon, São Paulo, Luanda, Maputo, mpaka Toronto. Mtu akiniambia jina fulani "ni maarufu" namuuliza: lilipendwa, au liligawiwa? Wingi wa Almeida unakuonyesha daftari la ubatizo lilikuwa mikononi mwa nani. Habari za nyonga ya bibi ya mtu haukuonyeshi.

Wagoa wakaja huku kuwa makarani, washonaji, wapishi, walimu, wapiga picha, wanamuziki. Mmoja wao aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 aliitwa Anthony Almeida. Akasomea usanifu majengo Bombay, akarudi, akachora majengo ya Dar kwa miongo kadhaa. Kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu, Mlimani, ni kazi yake. Kwa hiyo kwenye mwambao wetu Almeida mmoja alichoma mji na Almeida mwingine alijenga. Ukiamini jina ni damu, utawaweka hawa wawili kwenye mti mmoja na utakuwa umekosea vibaya.

Na Pio Gama Pinto je? Ana "Gama" ya Vasco da Gama, na "pinto" kwa Kireno ni kifaranga. Huyu alizaliwa Nairobi, akawapinga Wareno kule Goa, akawapinga Waingereza Kenya mpaka wakamweka kizuizini mwaka 1954, na tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi mbele ya nyumba yake, Nairobi, mwanawe mdogo akiwa ndani ya gari. Mwiteni Mreno basi.

Najua kuna watakaosema: wangeyaacha hayo majina, kama Joseph Murumbi. Kweli, Murumbi alizaliwa Zuzarte, baba Mgoa na mama Mmasai, akachukua jina la upande wa mama, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Lilikuwa lake kulichagua, na namheshimu. Lakini ninapomsikia mtu mwingine akimshurutisha mwenzake abadili jina ndipo akubalike, mwili unanisisimka. Miaka ya sabini tuliona watu wenye majina "yasiyo yetu" wakifungasha mizigo Kampala, na wengine kimyakimya hapa kwetu. Ilianza kwa utani utani hivi hivi.

Halafu sisi watu wa Mara tuna nini cha kumcheka mtu? Nyerere maana yake kwa Kizanaki ni viwavi. Mzee Burito alipewa jina hilo kwa sababu ya viwavi waliovamia nchi alipozaliwa. Mwanawe Kambarage akabatizwa mwaka 1943 akawa Julius, jina la Kirumi. Hakuna aliyewahi kugugo akatangaza kwamba Baba wa Taifa ana asili ya wadudu na Italia. Hata hapa Buswahili penyewe: kwa mtindo wa simu ile, jina linasema hapa ni kwa Waswahili, tutafute basi ngalawa na minazi. Majirani zangu hapa wanalima mihogo na wanaongea lugha za huku huku.

Jina langu la mwisho ni Wambura. Nikijaza fomu, penye "jina la ukoo" naandika hilo, na karani anaridhika. Ukweli ni kwamba ni jina la babu. Ukoo wangu halisi haumo kwenye cheti chochote nilicho nacho. Wambura wamejaa kuanzia Tarime mpaka Bunda, na nikifika Moshi au Mbeya naulizwa kama nina undugu na Wambura fulani mkubwa. Sina. Mvua ilinyesha kwao, ikanyesha na kwetu.

Jioni, baada ya mazishi, nilikaa karibu na mzee Almeida nikamwomba radhi kwa niaba ya kijana. Akasema yaishe, amesikia makubwa zaidi ya hayo. Kisha akaniuliza langu lina maana gani.

"Mvua."

"Ulizaliwa inanyesha?"

"Ni babu huyo, mzee. Mimi nimezaliwa Julai, kiangazi cha kupasua ardhi."